Samaki wa kijito wapimwe kiangazi, si masika

Ndugu Mhariri,

Masika yakianza na vijito vikijaa, hoja moja hurudi vijijini na hata kwenye vikao vya halmashauri: maji ni tele, samaki waliomo hawazidi kidole, basi tumwage vifaranga vya sato, tung'oe magogo na kufyeka kingo ili watu wapate kitoweo. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inakitazama kijito katika miezi ambayo karibu kila samaki anashiba. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini uamuzi wa namna hiyo hauwezi kutolewa kabla ya kuingia majini Agosti au Septemba.

Chukua kijito kimoja kinachoingia mto Mara, chenye upana wa mita 3 au 4. Penye mawe na maji ya kasi hukaa kambare wadogo wa jamii ya Chiloglanis. Midomo yao imepanuka ikawa kisahani cha kunyonya. Hujibandika kwenye jiwe, wakala mabuu ya wadudu na mwani bila kusombwa na maji. Ukipanda juu zaidi, kwenye maji baridi ya milimani, nafasi hiyo inashikwa na Amphilius, kambare mwenye umbo bapa anayejibana chini ya mawe. Samaki wengine wa kijito hawawezi kusimama pale kwa muda mrefu, kwa hiyo ugomvi ni mdogo. Lakini mawe yakifunikwa na tope la mashambani, mdomo wa Chiloglanis haushiki na mianya ya chini ya mawe huziba. Samaki huyo hatahamia kidimbwini kuanza maisha mengine. Atatoweka, na kwa kuwa hauzwi sokoni, hakuna atakayeuliza.

Kwenye vidimbwi mambo ni ya msongamano zaidi. Ningu hukaa chini, mdomo wake umeelekea sakafuni, akikwangua utelezi wa kijani kwenye mawe na kunyonya mboji laini. Kuyu naye hupita humo humo, ila hachagui sana: mabuu, konokono, kaa, mbegu, majani, na akishakuwa mkubwa hata samaki wadogo. Soga hukaa karibu na uso wa maji akidaka wadudu wanaoanguka kutoka kwenye matawi. Samaki wadogo wa jamii ya Enteromius, ambao watu wengi huwaita dagaa wa mtoni ingawa si dagaa, hukaa katikati ya kina na kula vijidudu vinavyoletwa na mkondo. Furu hujibanza pembeni kwenye majani na mizizi. Wote hao ni wa mchana, au tuseme ndio utakaowaona mchana.

Jua likizama wanatoka wengine. Gogogo, aliyeshinda ndani ya gogo bovu au shimo la ukingoni, hutoka kutafuta mabuu na konokono kwa kutumia sharubu zake. Mbofu huwinda samaki. Domodomo hana haja ya kuona: kiungo kilicho karibu na mkia wake hutoa umeme hafifu, na ngozi yake huhisi umeme huo unavyopindishwa na vitu vilivyomo majini. Kwa pua yake ndefu huchokonoa tope na kutoa mabuu ya visubi ambayo samaki wa mchana hawayafikii. Kwa hiyo tope lile lile, mita moja ya mraba, linaliwa kwa zamu mbili. Mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe-McConnell, aliyefika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, Uganda, mwaka 1948, baadaye aliona mpangilio wa zamu kama huu katika mito ya Guyana: samaki wa magamba mchana, kambare na samaki wa umeme usiku. Anayetega wavu mchana tu na kuandika kwamba kijito kina aina 5 za samaki ameandika nusu ya orodha.

Mwili wa samaki ndio unaoeleza kazi yake kabla hujampasua. Mdomo wa juu ni wa kula usoni mwa maji, wa chini ni wa kula sakafuni. Utumbo wa ningu ni mrefu mara nyingi kuliko mwili wake, umejikunja kwa mizunguko, kwa sababu mwani na mboji humeng'enywa polepole. Wa mbofu ni mfupi. Kuyu yuko katikati, na hiyo ndiyo sababu ya uhodari wake wa kubadili chakula. Lakini mwili unaeleza kinachowezekana, hauelezi kinacholiwa leo. Kifaranga cha ningu, kwa mfano, huanza na vijidudu vidogo kabla ya kugeukia mwani, hivyo hugombea chakula na samaki ambao mama yake hana habari nao.

Sasa tuje kwenye majira, ambako ndiko makosa mengi hufanyika. Mvua ikinyesha, kijito hupokea wadudu, mbegu, minyoo na majani kutoka nchi kavu. Maji hupanda hadi kwenye nyasi za kingo, na ningu hupanda mto kwenda kutaga kwenye nyasi hizo zilizofurika. Chakula ni kingi kiasi kwamba kuyu, soga na Enteromius wote wanaweza kula siafu wale wale bila mmoja kumpunguzia mwenzake. Ukiwapasua wakati huo utakuta matumbo yanafanana, na unaweza kudhani wanagombana vikali. Kiangazi kikifika, kijito hukatika kuwa vidimbwi. Wadudu wa nchi kavu hupungua, na kila samaki hurudi kwenye kile anachokiweza kuliko wengine: ningu kwenye utelezi wa mawe, domodomo kwenye tope, soga kwenye wachache wanaoanguka. Matumbo yanaacha kufanana.

Watafiti Thomas Zaret na Stanley Rand walilionyesha jambo hili mwaka 1971 kwenye kijito cha Panama: vyakula vya aina mbalimbali za samaki vilifanana zaidi msimu wa mvua, na vikatengana msimu wa kiangazi chakula kilipoadimika. Yaani kufanana kwa matumbo wakati wa neema si dalili ya ugomvi, na kutofautiana wakati wa njaa si dalili ya amani. Mara nyingi ni kinyume chake. Mtu asiyejua hili atapima masika, aone kila samaki anakula kila kitu na ananenepa, kisha aandike kwamba nafasi ipo ya kuongeza sato.

Mtafiti Mary Power naye, huko huko Panama, alifuatilia kambare wenye magamba magumu wanaokwangua mwani. Vidimbwi vya juani, ambako mwani huota haraka, vilikuwa na kambare wengi. Vya kivulini vilikuwa na wachache. Na kila mmoja alikua karibu kwa kasi ileile kokote alikokuwa, kwa sababu walijigawa kulingana na chakula. Isipokuwa kwenye maji yasiyofika sentimita 20. Huko mwani ulibaki haujaguswa hata kambare walipokuwa na njaa, kwa kuwa ndege wavuvi walikuwa wanangoja. Hesabu ya chakula peke yake ingesema pale kuna nafasi, lakini korongo na mdiria wanasema hakuna.

Mto Mara wenyewe una vituko vyake ambavyo kijito cha Panama hakina. Kila mwaka nyumbu wanaozama wakivuka hufikia wastani wa 6,250, zaidi ya tani 1,000 za nyama na mifupa. Vipimo vya isotopu (alama za kikemia zinazoonyesha chakula kilitoka wapi) katika nyama ya samaki vilionyesha kwamba mizoga ikiwapo, huchangia kati ya theluthi moja na nusu ya chakula cha samaki wa kawaida wa mto huo. Viboko nao humwaga kinyesi kingi kwenye vidimbwi. Hicho ni chakula cha wadudu na samaki, lakini oksijeni ikiisha chini ya kidimbwi na mafuriko ya ghafla yakasukuma maji hayo mtoni, samaki hufa kwa wingi upande wa chini. Tunayataja haya kwa ajili ya wale wanaopenda kulaumu sumu kila samaki wanapoelea. Wakati mwingine ni sumu kweli, ya utupa, mmea wa kulewesha samaki, au ya dawa za mashambani. Si kila mara.

Kama halmashauri, kikundi cha uvuvi au shule inataka kujua kijito chake kinagawanywaje, kazi yenyewe haihitaji maabara kubwa. Kwanza, kibali cha afisa uvuvi, maana wavu wa macho madogo utahitajika na bila kibali ni kosa. Pima kipande cha mita 100 na kukigawa: maji ya kasi, maji yanayotiririka taratibu, vidimbwi, kingo zenye mizizi. Pima upana kila mita 10, na kina kila nusu mita kuvuka kijito. Kasi ya maji hupimwa kwa chungwa, ambalo huelea likiwa limezama karibu lote hivyo upepo haulisukumi. Pima mita 10, tupa chungwa mara 3, chukua wastani wa sekunde, gawa mita 10 kwa sekunde hizo, kisha zidisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini. Chungwa likitumia sekunde 20, kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde na wastani wa mkondo ni kama 0.43. Kwa upana wa mita 3 na kina cha sentimita 20, hizo ni lita 258 hivi kwa sekunde. Rudi Septemba. Kijito kile kile chenye upana wa mita 1.2, kina cha sentimita 10 na mwendo wa mita 0.05 kwa sekunde kinapitisha lita 6. Pampu ndogo ya petroli yenye bomba la inchi 2 huandikwa lita 500 hadi 600 kwa dakika, yaani lita 8 hadi 10 kwa sekunde. Hata ikitoa nusu ya hizo, pampu moja ya bustani ya nyanya imechukua sehemu kubwa ya kijito. Oksijeni ipimwe kabla ya mapambazuko, ambapo huwa chini kabisa. Kipimo cha saa sita mchana kitakudanganya.

Samaki wavuliwe mchana na usiku, kwa wavu mdogo wa kukokota vidimbwini, migono (mitego ya kusukwa) pembezoni, na penye mawe mtu mmoja apindue mawe huku mwingine ameshika wavu upande wa chini. Mgono usitiwe chambo cha ugali. Samaki aliyekaa humo usiku kucha atakutwa na tumbo la ugali, na tumeona jedwali zilizoandika ugali huo kuwa "mabaki ya mimea". Nyavu zisiachwe zaidi ya saa 2 hivi, kwa sababu samaki huendelea kumeng'enya akiwa amenaswa, na wawindaji kama mbofu hutapika. Aliyekusudiwa kuchunguzwa awekwe kwenye barafu mara moja, au kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10, yaani kipimo 1 cha formalini kali kwa vipimo 9 vya maji. Wakubwa wapasuliwe kidogo ubavuni ili dawa iingie. Formalini ni sumu: glavu, mahali pa wazi, na samaki huyo haliwi tena na mtu wala kuku.

Mbofu na kambare wana tumbo halisi, mfuko wa chakula. Ningu, kuyu na Enteromius hawana. Kwao chukua sehemu ya mwanzo ya utumbo hadi kwenye kona ya kwanza, na usitumie sehemu ya nyuma ambako kila kitu kimekuwa uji. Hawa pia husaga chakula kwa meno yaliyo kooni, kwa hiyo mdudu hutokea vipande vipande. Hesabu vichwa vya mabuu, si miguu. Tandaza kilichomo kwenye kisahani cha kioo juu ya karatasi ya miraba, kwa unene wa milimita 1, kisha hesabu miraba inayochukuliwa na kila chakula. Tenganisha angalau mafungu 8: utelezi na mwani, mboji, mabuu ya visubi, mabuu mengine ya majini, wadudu wa nchi kavu, konokono na kaa, samaki, mbegu na mimea. Ukiandika "wadudu" kwa jumla umefuta tofauti uliyokuja kuitafuta, maana domodomo na soga wote watakuwa "wala wadudu" ingawa mmoja anachimba tope usiku na mwingine anangoja chini ya mti mchana.

Kwa kila aina ya samaki, kila msimu, matumbo 20 hadi 30 yenye chakula ndiyo kiwango cha chini cha kutegemewa, na wadogo watenganishwe na wakubwa. Ningu asiuliwe kwa ajili ya zoezi hili. Uvuvi wake uliporomoka katikati ya karne iliyopita baada ya nyavu za makila, zinazonasa samaki kwenye matamvua, kutegwa midomoni mwa mito wakati anapopanda kutaga, na hajarudi katika wingi wake. Omba utumbo wa aliyekwisha kuvuliwa.

Hesabu ya kulinganisha ni nyepesi. Kwa kila chakula, chukua asilimia iliyo ndogo kati ya samaki wawili, jumlisha, gawa kwa 100. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, masika kuyu mdogo ana wadudu wa nchi kavu 50, mabuu 30 na mbegu 20. Soga ana 60, 20 na 20. Ndogo ni 50, 20 na 20, jumla 90, yaani 0.9. Kiangazi kuyu ana wadudu wa nchi kavu 10, mabuu 60, mwani 30. Soga ana wadudu wa nchi kavu 70, mabuu 20, mbegu 10. Ndogo ni 10 na 20, jumla 30, yaani 0.3. Kwa desturi, zaidi ya 0.6 huitwa mfanano mkubwa.

Namba hiyo isisomwe peke yake. Pima na chakula chenyewe: chota sakafu ya kijito kwenye fremu ya sentimita 30 kwa 30, mahali 5, hesabu mabuu. Pima pia hali ya samaki: uzito kwa gramu mara 100, gawa kwa urefu kwa sentimita uliozidishwa mara 3 kwa wenyewe. Samaki wa sentimita 12 na gramu 18 ana 1.04. Tumia uzito baada ya kutoa matumbo na mayai, la sivyo jike la masika litaonekana limenona kwa sababu ya mayai tu. Mabuu yakipungua, matumbo yakitengana na samaki wakikonda kwa pamoja, kijito kimefika ukingoni. Mabuu yakiwa mengi na samaki hawajakonda, kutengana kwao kunaweza kuwa tabia tu wala si shinikizo.

Ndani ya kidimbwi hicho cha Septemba ndimo watu wanataka kumwaga sato. Sato hula mwani, mboji, mabuu, karibu kila kitu cha sakafuni, na dume huchimba kiota kwenye mchanga wa kina kifupi na kuwafukuza wengine. Hachukui chakula cha samaki mmoja, anachukua kidogo cha kila mmoja katika msimu ambao kila mmoja amebaki na fungu moja. Katika Ziwa Victoria alipandikizwa miaka ya 1950. Ngege, jamaa yake wa asili ziwani humo, leo ni adimu, ingawa hapo sangara na uvuvi uliopindukia wana sehemu yao kubwa. Kwenye mabonde ya Pangani na Rufiji hatari ni nyingine zaidi: sato huzaana na perege wa asili, na chotara wakishaenea, perege halisi harudishwi kwa kupunguza uvuvi.

Kufyeka kingo kuna hasara mbili kwa mpigo. Matawi yakiondoka, soga na wenzake wa juu hupoteza wadudu wanaoanguka, kisha hushuka kugombea mabuu ya chini. Na jua likipiga, mwani huongezeka, jambo linaloonekana zuri kwa ningu, mpaka ukumbuke kwamba kidimbwi kimekuwa na joto, oksijeni ya alfajiri imeshuka na korongo sasa anaona hadi sakafuni. Magogo yanayoitwa uchafu ndiyo malazi ya gogogo na mbofu mchana. Yakitolewa, walaji wa usiku hawana pa kungojea usiku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuweka mita 60 kutoka kingo za mto kuwa eneo la kulindwa. Tunaomba tu itumike pia kwa vijito ambavyo havina majina kwenye ramani. Mabwawa ya mafunjo yasikaushwe pia. Huko Kibale, Uganda, Enteromius neumayeri wa kwenye bwawa lenye oksijeni ndogo wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa mtoni. Wamejipatia mahali ambapo wengi wa wanaowala na kuwasumbua hawawezi kukaa.

Anayetaka kufuga sato afuge, mradi bwawa liwe mbali na mkondo wa mafuriko. Tundu la kutolea maji liwe na wavu wa aina mbili: wa nje wa macho makubwa kuzuia majani, wa ndani wenye macho yasiyozidi milimita 2 kuzuia vifaranga, na usafishwe kila siku wakati wa mvua, kwani ukiziba maji yatapita juu ya tuta na samaki watapita nayo. Vifaranga vinavyouzwa kuwa ni vya dume pekee visichukuliwe kuwa kinga. Kila kundi huwa na majike machache, na jike moja la sato linatosha kubeba mdomoni mamia ya mayai hadi yaanguliwe.

Watafiti wa samaki wa mito,
Musoma